Madam Aliyetia Uso Majini

Majina ya watu nayajua. Ukitaka watoto wote waliokula githeri ya mkono wangu katika ile shule ya upande wa Cheptiret, nitakutajia, nikutajie na mama zao, na ng'ombe wa mama zao kama walikuwa na majina. Lakini jina la huyu ninayetaka kusema habari zake halitatoka kwangu. Aliniambia mwenyewe, "Mama Chelimo, siku ukiandika, andika samaki. Mimi niache." Basi nitamwita vile tulivyomwita sote: Madam. Walimu wengine wanawake walikuwa Madam Leah, Madam Grace. Yeye alikuwa Madam tu, na hakuna mtu aliyeuliza ni yupi.

Mimi nilikuwa mpishi wa shule. Masomo niliachia darasa la tatu. Kusoma sawasawa nilijulia kwake, alasiri nikishaosha sufuria, mimi na Rael na Tabitha na wamama wengine wa ngumbaru, tumekaa kwenye madawati ya watoto magoti yakigonga mbao. Kwa hivyo ukiona makosa hapa, hayo ni yangu. Herufi ni zake.

Alikuwa mfupi, mwembamba, sketi ya bluu na raba nyeupe zilizopakwa chaki zikianza kuchakaa. Kuna mtu alikuwa akichukia uongo kama yeye? Sijamwona. Na bado nywele zake alizipaka piko mpaka akastaafu, nyeusi tii kama sufuria yangu upande wa nje, na ukimwuliza miaka yake anakujibu, "Inatosha." Nilimwambia siku moja, "Madam, hizo nywele si ni uongo?" Akasema, "Mimi sijamwambia mtu kwamba ni zangu."

Majina yalimshinda kabisa. Mtu aliyejua kichwani urefu wa mito na uzito wa figo, hangeweza kushika jina la mtoto anayemfundisha tangu Januari. Darasani aliwaita wewe wa dirishani, wewe wa sweta imetoboka. Wakati wa chai anakuja jikoni mbio.

"Mama Chelimo, yule mwembamba, anaandika kwa kushoto?"

"Noah Kibet. Wa Priscah."

"Na yule anacheka kabla hujamaliza kusema?"

"Jepkoech. Wa Salina, nyumba ya bati jekundu."

Anaandika kwenye kiganja kwa kalamu. Kufika saa sita jasho limefuta, anarudi tena. Kwa hiyo naweza kusema bila aibu kwamba nusu ya mahudhurio ya darasa lake niliyaweka mimi, nikiwa nimeshika mwiko.

Neno lake lilikuwa moja. "Umeona, ama umeambiwa?" Mtoto akija anapiga kelele kwamba kuna chui ameshuka kutoka msitu wa Timboroa, Madam hatetemeki. "Umeona, ama umeambiwa?" Mimi mwenyewe nilimletea habari kwamba bwana wa Rael amepatikana Timboroa na mwanamke mwingine. Nilikuwa nimeileta moto, nikifikiri tutaila pamoja na chai.

"Umeona?"

"Nimeambiwa."

"Basi huo ni mzigo wa mtu umebeba. Mrudishie."

Nilikasirika wiki nzima. Ile wiki nyingine ikajulikana bwana wa Rael alikuwa ameenda kumuuguza dada yake.

Kuna kitu cha jikoni lazima nieleze, kwa sababu baadaye kilimsaidia. Kila asubuhi kila mwalimu wa darasa aliniletea kikaratasi chenye hesabu ya watoto waliokuja, nijue maharagwe na mahindi ya githeri. Na kila mwalimu aliongeza wawili, watatu, ili kubaki sahani ya kubeba. Nilijua. Mpishi anajua kila kitu. Kikaratasi cha Madam kikisema arobaini na mmoja, wanakuja arobaini na mmoja, wenye kamasi na wasio na kamasi. Yeye mwenyewe alikula akibahatika, asipobahatika anakunywa chai.

Alikuwa pia mwoga wa maji. Kale kamto kalikokuwa chini ya shule hakakufika mtu kwenye goti, lakini Madam hakukavuka bila kushikwa mkono. Anasimama kwenye jiwe la kwanza kama paka, ananyoosha kidole kwa mtoto yeyote aliye karibu. Na mtu huyo huyo ndiye alikuwa akituambia kwamba alitia uso wake ndani ya bahari akamtazama samaki mwenye urefu wa lori.

Alikuwa ameanzia kazi Pwani, upande wa Msambweni, akiwa msichana ametoka tu chuo. Baba wa mwanafunzi wake mmoja, mvuvi aliyeitwa Bakari, alimwambia Jumamosi moja asubuhi, mwalimu, njoo nikuonyeshe kitu usije ukarudi bara ukasema bahari ni maji tu. Wakaenda. Maji yalikuwa yamechafuka, Madam alisema, si uchafu wa matope, ni kama uji mwepesi. Bakari akasema huo ndio uji wenyewe, vijidudu vimejaa, atakuja kula. Akazima injini. Samaki akaja. Papa shilingi ndilo jina watu wa kule wanampa, kwa sababu mgongo wake wote una madoa meupe ya mviringo kama sarafu. Papa wengine mdomo uko chini ya pua. Huyu mdomo uko mbele kabisa, mpana kama mlango wa zizi, na anaenda ameuacha wazi.

"Ukaogelea naye?" tulikuwa tukimwuliza.

"Sikuogelea. Sijui kuogelea. Niliinama nikatia uso."

Watu walitaka aseme alimpanda mgongoni. Hakusema. Kila mwaka, darasa la tano likifika somo la wanyama, alisimulia vile vile, hakuongeza hata mkia.

Mtoto mmoja akamwuliza vijidudu vinatosha vipi mnyama mkubwa hivyo. Akamwuliza naye, "Ng'ombe wa babako anakula nini?"

"Nyasi."

"Nyasi ni kubwa?"

Mtoto akaketi. Mimi, pale dirishani nilipokuwa nasikiliza, niligeuka nikaziangalia nyasi za uwanja.

Sasa, mwaka mmoja shamba la shule lilitoa mahindi hata stoo ikakataa. Tukayaanika uwanjani juu ya maturubai meusi. Madam akaangalia yale maturubai na zile punje nyeupe, nikaona macho yake yamebadilika. Kesho yake alitoa darasa la tano nje. Mashua ya Bakari aliipima kwa miguu siku ile ile waliporudi ufuoni: hatua zake kumi na mbili. Pua ya samaki ilipokuwa sawa na mbele ya mashua, mkia ulikuwa umepita nyuma yake kwa urefu wa mikono miwili. Basi akapiga hatua kumi na mbili uwanjani, akalala chini na sketi yake, akanyoosha mkono mara mbili, akaweka jiwe. Watoto wakakunja maturubai mpaka yakawa na umbo la samaki. Madoa wakayapanga kwa punje, safu kwa safu, na ile mistari ya katikati ya madoa kwa magunzi.

Mzee Hassan, aliyekuwa anatubebea mahindi, akaleta lori lake kando. Samaki na lori, sawasawa. Hassan akashuka akazunguka mara mbili. "Wallahi Madam," akasema, "huyu sitambeba kwa bei ya kawaida."

Hapo ndipo Madam akafanya lile jambo lililotaka kummaliza. Alitaka watoto waelewe jinsi samaki anavyokula. Alikuwa akiwaonyesha kwa kichungi changu cha chai, lakini kichungi ni kidogo, wa nyuma hawaoni. Akachukua darasa la kwanza, akawaambia nyinyi ni chakula. Darasa la tano akawaambia nyinyi ni maji. Wote mnaingia mdomoni pamoja. Maji yanatoka hapa shingoni, kwa hizi nyufa anazopumulia, zinaitwa matamvua. Chakula kinabaki, kinaenda tumboni. Wakapanga mstari. Wakaingia wakiimba, maana watoto wa darasa la kwanza huwezi kuwapeleka mahali bila wimbo. Wale wakubwa wakatokea ubavuni, wale wadogo wakabaki wamejikusanya tumboni, wamekaa, wanacheka.

Na Mzee Kiplagat, mwenyekiti wa wazazi, akawa anapita barabarani na baiskeli.

Wewe fikiria alichokiona. Mnyama mweusi mwenye madoadoa, amelala uwanja mzima, amefungua mdomo, na watoto wadogo wanaingia kwa mstari wakiimba. Wakubwa wanatoka. Wadogo hawatoki. Siku hizo makanisani kulikuwa na hofu nyingi ya watu wanaoabudu shetani ndani ya mashule, na kila mhubiri alikuwa na mnyama wake wa kutoka baharini, yule wa kitabu cha Ufunuo. Kufika jioni maduka yote ya Cheptiret yalikuwa yanasema Madam anaingiza watoto kwa mnyama. Kesho yake wazazi wakabaki na watoto nyumbani. Nilipika ya watoto mia tatu, wakala themanini.

Mkutano uliitwa Ijumaa. Wazazi walijaa mpaka dirishani. Mwalimu mkuu, Bwana Kosgei, alikuwa mtu mzuri lakini alipenda mambo yaishe. Akamwambia Madam mbele ya wote, kwa sauti ya kubembeleza, "Sema tu ilikuwa hadithi, Madam. Watoto wanapenda hadithi. Omba msamaha kidogo, twende nyumbani."

Madam akasimama. "Bwana Kosgei, nikisema ni hadithi, Jumatatu nikiwaambia kuna moyo ndani ya kifua, wataniuliza kama hiyo pia ni hadithi."

Mzee Kiplagat akainuka. "Wewe ni mtoto wa hapa. Babako alikuwa na ng'ombe kama sisi. Samaki wa kutoshana na lori umemtoa wapi?"

"Msambweni."

"Ana meno?"

"Anayo, maelfu, madogo kuliko punje za mchele. Hatumii kuuma."

"Meno ya bure!" akasema Mzee Kiplagat. "Kama ya mama mkwe wangu!"

Watu wakacheka, na kile kicheko hakikuwa kizuri. Kilikuwa cha watu ambao tayari wamekata shauri. Wengine wakaanza kusema ahamishwe. Madam alisimama tu, mikono kando ya sketi, na mimi niliyemjua niliona vidole vyake vinashika kitambaa vile alivyokuwa akishika mkono wa mtoto pale mtoni. Hakuwa na cheo, hakuwa na bwana, hakuwa na shamba kubwa. Alikuwa na hilo tu: kwamba akisema ameona, ameona. Na ndilo walilotaka aliache pale chini aondoke.

Mpishi hasimami kwenye mkutano wa wazazi. Nilisimama.

"Mimi sijui samaki," nikasema. "Mimi najua karatasi." Nikawaeleza vile vikaratasi vya asubuhi. Nikasema tangu niingie jikoni, mwalimu aliyeniandikia hesabu ya kweli kila siku ya Mungu ni mmoja. Hajawahi kuniongezea mtoto hata mmoja, na njaa anasikia kama wengine. "Mtu ambaye hawezi kudanganya sahani moja ya githeri," nikasema, "atatoa wapi uongo wa ukubwa wa lori?"

Madam Leah akaangalia viatu. Mwalimu Rotich, aliyekuwa akiongeza watatu na Ijumaa wanne, akakumbuka ana kitu cha kufunga dirishani.

Mzee Kiplagat akanitazama. "Kwa hivyo na wewe umeona huyo samaki?"

"Nimesema sijaona. Nimeona karatasi."

Sasa kicheko kilichokuja kilikuwa kingine. Tabitha ndiye alianza, nyuma kule, kisha mama yake Noah na mama yake Jepkoech. Mzee Kiplagat akakaa. Jumatatu watoto wakarudi, si wote, lakini wengi, na wiki iliyofuata wote. Madam hakuhamishwa. Lakini unaibu wa mwalimu mkuu, ambao sote tulijua ungekuwa wake, ulienda kwa Rotich, na mpaka anastaafu haukumfikia. Sikumsikia akilalamika. Yule samaki tulimkusanya kwa magunia, tukamla kwa githeri mpaka likizo ya Aprili.

Miaka imeenda. Mimi niko Huruma, mjini Eldoret, kwa kijana wangu Kiprop, vyumba viwili, majirani mafundi wanagonga mabati tangu alfajiri. Madam yuko kwao Cheptiret, anatunzwa na Sharon, mke wa mpwa wake. Miguu imekataa. Piko aliacha, nywele ni nyeupe, zimempendeza, ingawa hataki kuambiwa. Nilikuwa nikienda kumwona kila baada ya mwezi, na nilifikiri nitamkuta amefurahi, kwa sababu siku hizi dunia nzima imemkubali. Papa shilingi yuko kwenye simu ya kila mtoto. Hata mjukuu wa Mzee Kiplagat alikuja kumwonyesha, akamwambia babu alisema tukuombe msamaha.

Lakini siku moja, mwaka jana, nikamkuta ameangalia dari.

"Mama Chelimo," akasema, "hizi video wananiletea. Sharon ananiletea, watoto wa kanisa wananiletea. Nimeziangalia nyingi sana. Sasa nikifunga macho nimwone wa kwangu, sijui kama ni yeye ama ni wa simu."

"Wako ni wako, Madam."

"Umeona, ama umeambiwa?"

Nilikuwa nimeambiwa. Sisi sote tulikuwa tumeambiwa na yeye. Na kama yeye hakuwa na uhakika tena, ni nani aliyebaki? Alisema polepole, "Nilikataa kuomba msamaha kwa kitu. Nataka kufa nikijua kilikuwako."

Jepkoech wa Salina, yule aliyekuwa akicheka mapema, aliyekuwa maji siku ile ya turubai, anafanya kazi Pwani na watu wanaowafuatilia hawa samaki. Alikuwa amemwita Madam kila mwaka aende. Sasa Madam akaniambia, "Nenda wewe. Una macho."

Nikaenda. Mwanamke wa miaka yangu, sijawahi kuona maji mengi kuliko bwawa, nikavalishwa lile koti la kuelea nikakaa katikati ya mashua nimeshika mbao mbili. Siku tatu tulitoka. Siku tatu hatukuona kitu. Jepkoech alikuwa na aibu kama yeye ndiye amemficha. "Gogo," akasema, ndivyo kwetu tunavyomwita nyanya, "wana msimu wao, na hata kwa msimu hawajaandikiwa barua."

Siku ya nne mashua haikutoka. Nikasema basi, samaki siwezi kumwita kwa jina lake akaitika, lakini watu naweza. Nikamwambia Jepkoech anipeleke vijiji vya Msambweni. Nikauliza Bakari mvuvi, aliyekuwa na mtoto shuleni wakati mwalimu wa bara, msichana mfupi, alikuwa hapo. Bakari wa wapi, wananiuliza, Bakari ni wengi. Nikasema yule wa mashua ya hatua kumi na mbili. Walicheka, lakini nyumba ya saba wakanionyesha mama anayekaanga mihogo chini ya kibanda cha makuti. Mwanaisha binti Bakari. Babake ameshatangulia zamani.

"Karibu mamangu," akasema. Nikamweleza. Akaweka kijiko chini.

"Yule mwalimu? Nilikuwemo chomboni. Baba alinichukua, nilikuwa mtoto. Yeye akainama, baba akamshika miguu asianguke."

Kisha akanieleza kilichofuata, nami nikamwambia arudie, nikarudi Eldoret nayo.

Nilipofika Cheptiret, Sharon alikuwa amemwegemeza Madam kwenye mito. Njiani nilikuwa nimefikiria kumwambia nimeona. Nani angejua? Jepkoech angenyamaza. Ingempa usingizi. Lakini nilipoona anavyonitazama nikashindwa.

"Sikumwona," nikasema. "Siku tatu. Maji tu."

Akafumba macho. Akatikisa kichwa kidogo, kama mwalimu anayepokea hesabu mbaya lakini ya kweli. "Asante kwa kusema hivyo."

"Lakini nimemwona Mwanaisha binti Bakari."

Macho yakafunguka. Jina hilo hakuwahi kulitaja, na najua kwa nini, alikuwa amelisahau.

"Anasema babake alikushika miguu. Anasema ulitia uso mara moja, ukautoa ukiwa unalia. Kulia kwa kwikwi, Madam, mpaka babake akakuuliza, mwanangu, umeumia? Na wewe ukamwambia, hapana. Ukasema, ameniona."

Sharon alikuwa amesimama mlangoni na kikombe. Miaka yote hiyo Madam alitupa hatua, mikono, mdomo, madoa. Kilio hakutupa. Kilikuwa si cha kufundisha darasa la tano.

"Jicho lake ni dogo," akasema mwishowe, na sauti yake ilikuwa ya yule wa sketi ya bluu. "Liko huku pembeni, karibu na kona ya mdomo. Lilizunguka likanifuata mpaka akapita."

Akashika mkono wangu akaubana.

"Hiyo haiko kwa simu, Mama Chelimo," akasema. "Hiyo ni yangu."